Kutoka Boma hadi Jengo Banifu

Mjini Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, neno boma limedumu kuwa jina la mtaa hata baada ya maana yake ya kwanza kufifia. Hapo kale boma lilikuwa ua wa miti au miiba. Wajerumani walipojenga ngome, neno likazifuata. Na Waingereza walipoutwaa mji huo tarehe 26 Agosti 1916, wakalirithi pamoja na majengo, nalo likageuka kuwa ofisi ya serikali. Kuta nene na dari ya juu viliyapa majengo ya namna hiyo ubaridi pasipo mashine yoyote.

Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, lilizoesha masikio yetu neno hanga. Vijana walilala humo chini ya mabati yaliyowaka joto, na chakula chao kikapikwa kwa kuni. Gharama ya kuni hizo si ya fedha tu: misitu ya Uluguru ndiyo ihifadhiyo maji yaendayo mto Ruvu, na kutoka Ruvu hadi mabomba ya Dar es Salaam.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034. Na Wakala wa Nishati Vijijini ukatia saini mkataba na JKT kuhusu majiko ya kambi zake. Hapo ndipo mfasiri hukwama. Kukarabati ni kurudisha hali njema ya kitu kilichochakaa, ilhali jengo linalokula nishati kupita kiasi laweza kuwa zima kabisa. Karani aliyeandikiwa “ukarabati wa hanga” ataagiza rangi na mabati, na hatakuwa amekosea. “Uboreshaji” nao ni mpana mno. Hata mapazia mapya yamo.

Jiko banifu limekwisha kukubalika. Kwa nini tusiseme jengo banifu, na kazi yenyewe tukaiita ubanishaji? “Ubanifishaji” hukwaza ulimi. Wako watakaolalamika kwamba kubana hukumbusha njaa. Lakini kinachobanwa hapa ni upotevu, wala si posho ya askari. Basi kuziba paa linalovuja kubaki ukarabati. Kutandika tabaka la kuzuia joto chini ya paa zima, au kubadili jiko la mafiga kambini, kuwe ubanishaji. Jengo jipya halibanishwi: husanifiwa likiwa banifu.