Siku Moja Huko Ise

Msomaji, ukitakiwa kutaja jengo kongwe, yaelekea utataja jengo la mawe. Utazikumbuka piramidi za Misri, au magofu ya Gedi karibu na Malindi, ambayo kuta zake za matumbawe zingali zimesimama ingawa wenyeji wake waliyahama zamani. Tumezoea kuupima umri wa jengo kwa umri wa kile lilichojengewa. Huko Ujapani liko hekalu moja linaloikataa kanuni hiyo. Nguzo zake ni za mti na paa lake ni la nyasi, na kila baada ya miaka ishirini hujengwa upya. Lakini habari zake za kuandikwa zilianza zamani kuliko za majumba mengi ya mawe yasifiwayo duniani. Hekalu hilo liko Ise.

Njia nyepesi ya kulifahamu ni kufuatana na wale waendao kulizuru. Basi tuwachukue mume na mke, wakazi wa mji wa Nagoya, waliojaliwa kupata siku moja ya mapumziko. Majina yao hatuyahitaji, maana wenzao wafanyao safari hiyo kila mwaka ni mamilioni. Treni itawafikisha kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Babu zao waliotoka Edo, mji ambao leo waitwa Tokyo, walitembea kwa miguu siku kumi na tano.

Desturi ya zamani yataka mtu aendaye Ise ajitakase kwanza baharini, hapo Futami. Siku hizi wengi huipita Futami bila ya kushuka, lakini hawa wawili watashuka kwa ajili ya miamba miwili iliyo majini karibu na ufuko. Mmoja una kimo cha mita tisa na mwingine mita nne, nao huitwa Miamba ya Mume na Mke. Imeunganishwa kwa kamba nene za mabua ya mpunga. Mawimbi na chumvi huzila kamba hizo, kwa hiyo hubadilishwa mara tatu kila mwaka, katika miezi ya Mei, Septemba na Desemba. Mume mwenye busara hasemi neno mahali hapo. Sisi na tuishike moyoni habari ya kamba inayooza ikabadilishwa, kwani itatufaa mbele.

Mjini Ise mna mahekalu 125 ya jamii moja, na makubwa ni mawili: la Nje na la Ndani. Desturi ni kuanza na la Nje. Hapo anaabudiwa Toyouke, mungu wa kike wa chakula. Masimulizi yasema kwamba Amaterasu, mungu wa kike wa jua, ambaye ukoo wa wafalme wa Ujapani hudai kutoka kwake, alikuwa mpweke mezani, akataka aletewe mwenzake wa kumwandalia chakula. Ndipo Toyouke akaletwa Ise, mwaka 478 kwa hesabu ya masimulizi hayo.

Amini usiamini habari ya miungu, lakini habari ya chakula ni kweli tupu, na yafaa tuitazame kwa makini. Kila siku, asubuhi na alasiri, makuhani wa Hekalu la Nje huandaa karamu ndogo. Moto wake hauwashwi kwa kiberiti. Hupekechwa kwa mti juu ya mti, kama walivyopekecha wazee wetu. Maji huchotwa katika kisima kisichochotwa na mtu mwingine. Mchele hutoka katika mashamba ya hekalu lenyewe, na chumvi hupikwa kwa maji ya bahari hapo Futami walipoanzia wasafiri wetu. Huongezwa samaki, mwani, mboga, matunda, na pombe ya mchele iitwayo sake. Vyombo ni vya udongo visivyopakwa rangi. Vikiisha kutumika mara moja huvunjwa vikarudishwa ardhini. Wenye hekalu husema kazi hiyo imefanywa hivyo kwa miaka 1500, mvua ikinyesha, vita vikipiganwa. Mke wa msafiri wetu, ambaye nyumbani hupika mara tatu kwa siku na hakuna aandikaye habari zake, huenda akalitazama jiko hilo kwa jicho tofauti na la mumewe.

Sasa wavuke daraja la Uji, lenye urefu wa mita 101.8, juu ya mto Isuzu, waingie katika msitu wa Hekalu la Ndani, nyumba ya Amaterasu. Wataosha mikono na vinywa. Watapita chini ya miti mirefu mpaka ngazi za mawe, na huko juu watakuta lango lililoning'inizwa pazia jeupe. Hapo ndipo mwisho wa mgeni. Hekalu lenyewe limezungukwa na nyua nne, na mtu wa kawaida huona ncha za paa tu. Watainama mara mbili, watapiga makofi mara mbili, watainama tena mara moja, kisha wataondoka. Aliyekuja kutazama fahari atavunjika moyo. Hapana dhahabu inayong'aa kila upande wala sanamu kubwa. Pana ghala tu, tena ghala la mfano wa zile walizowekea mpunga watu wa kale, lililoinuliwa juu ya nguzo zilizochimbiwa ardhini bila ya msingi wa mawe.

Mwanafunzi wa historia hana budi kutenga masimulizi na maandishi. Masimulizi yasema hekalu hilo lilianzishwa na binti wa mfalme, Yamatohime, yapata miaka 2000 iliyopita. Kitabu kisimuliacho habari hizo, Nihon Shoki, kilimalizika mwaka 720. Jambo tunaloweza kulishika kwa uthabiti ni kwamba katika zama za Mfalme Tenmu na mkewe Jito, aliyetawala baada yake, Ise ilipewa heshima kuu, na mwaka 690 Hekalu la Ndani lilijengwa upya kwa mara ya kwanza. Mume na mke hao, kwa hiyo, ndio waliotuachia jambo la ajabu kuliko yote ya Ise.

Jambo lenyewe ni hili. Kila hekalu lina viwanja viwili, ubavu kwa ubavu. Kimoja kina jengo, kingine ni kitupu. Miaka ishirini ikitimia, jengo jipya husimama katika kiwanja kitupu, likiwa na sura na vipimo vya lile la zamani. Usiku, katika giza, mungu huhamishwa; kisha nyumba ya zamani hubomolewa. Si nyumba peke yake inayofanywa upya. Panga, pinde, nguo za hariri na zana za kufumia, aina 714, vitu 1576 kwa jumla, vyote hutengenezwa tena. Mwaka 2013 jambo hilo lilifanyika kwa mara ya 62, na la 63 limepangwa mwaka 2033. Miti itumikayo ni hinoki, ndugu ya misaipresi iliyopandwa katika milima yetu, nayo hutakiwa kiasi cha 10,000. Mwaka 1923 wenye hekalu walianza mpango wa kupanda hinoki wa kukatwa baada ya miaka 200. Wapandaji wale walijua vizuri kwamba si wao watakaoikata.

Kwa nini taabu yote hiyo? Nguzo iliyochimbiwa ardhini huoza, na nyasi za paa hali kadhalika. Hiyo ni sababu moja. Ya pili ni ufundi. Seremala kijana wa miaka ishirini huja kujifunza. Akifika arobaini huongoza wenzake. Akifika sitini hukaa akawakosoa wadogo. Ujuzi hupokezanwa kutoka mkono hadi mkono. Kama muda ungekuwa miaka mia, fundi angekufa pamoja na ujuzi wake.

Lakini je, mnyororo huo haukukatika kamwe? Ulikatika, msomaji, na vitabu vidogo vya wasafiri hupita juu ya habari hiyo upesi mno. Katika karne ya kumi na tano Ujapani iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mfalme akafilisika. Hekalu la Ndani lilijengwa mwaka 1462, halikujengwa tena mpaka 1585. Hiyo ni miaka 123! La Nje nalo lilikaa tangu 1434 mpaka 1563. Mafundi waliojenga walikufa, na wanao, na wajukuu wao.

Waliolirudisha hawakuwa makuhani wa Shinto wala wanajeshi. Walikuwa watawa wa kike wa dini ya Budha, wa nyumba moja iitwayo Keiko-in. Walitembea katika nchi yenye vita wakiomba michango kwa wakubwa na wadogo. Mtawa mmoja, Seijun, ndiye aliyefanikisha ujenzi wa Hekalu la Nje mwaka 1563. Aliyemfuata, Shuyo, alipata fedha kwa mabwana wa vita, Oda Nobunaga na Toyotomi Hideyoshi, na mwaka 1585 mahekalu yote mawili yakajengwa. Na kumbuka kwamba watawa wa Budha, walionyoa vichwa vyao, hawakuruhusiwa kulikaribia hekalu kama watu wengine. Walitengewa mahali pa kuombea kwa mbali.

Vipimo vilitoka wapi, ikiwa mafundi walikwisha kufa? Vilitoka katika kumbukumbu, kama kile kitabu cha taratibu kilichoandikwa mwaka 804. Hata hivyo wataalamu wa majengo wameonyesha kwamba jengo la leo si sawasawa na la kwanza kwa kila kitu. Wako watakaosema kwamba basi sifa ya Ise ni uongo. Mimi naona kinyume. Jengo ambalo halikupotea lingeweza kudumu kwa bahati tu, lakini hili lilipotea likatafutwa.

Lilitikiswa tena karibu na siku zetu. Tangu mwaka 1868 serikali mpya ililifanya hekalu kuwa chombo cha dola, ikatenga Shinto na Budha kwa amri, na imani ya mungu wa jua ikatumiwa kuwahimiza vijana kufa vitani. Ujapani iliposhindwa mwaka 1945, wakuu wa majeshi yaliyoitawala walikata uhusiano wa serikali na mahekalu. Ujenzi uliopaswa kufanyika mwaka 1949 ukaahirishwa, kwa kuwa nchi ilikuwa na njaa. Watu walijenga daraja la Uji peke yake mwaka huo, na hekalu likajengwa mwaka 1953 kwa michango ya raia.

Hatuna budi kuwalisha wasafiri wetu, maana mchana umekwisha pita. Nje ya daraja iko njia ya maduka yenye urefu wa mita 800 hivi. Mume ataagiza udon ya Ise, tambi nene nyeupe katika mchuzi mzito mweusi wa soya. Kwingineko Ujapani watu hupenda udon ngumu kidogo. Hapa huchemshwa karibu saa nzima hata zikawa laini kama za mgonjwa. Mahujaji walifika wamechoka, wengi kwa pamoja, na chungu kilichokaa motoni daima hakikumchelewesha mtu. Mke atachagua tekone, wali uliotiwa siki na kuchanganywa kwa mkono na vipande vya samaki wa jamii ya jodari waliolowekwa katika soya, chakula cha wavuvi wasio na nafasi ya kuweka sahani.

Mahujaji hao walikuwa watu gani? Mkulima maskini hakuweza kulipia safari, basi wanakijiji walicheza kitu kama upatu wetu: kila mmoja alitoa kidogo, kisha kura ikapigwa, na aliyeangukiwa akaenda kwa niaba ya wote. Wanawake walikaguliwa kwa ukali katika vizuizi vya njiani, kwa kuwa watawala walichelea wake wa mabwana waliowekwa dhamana Edo wasitoroke. Lakini ikawapo miaka ambayo vizuizi havikuweza kitu. Mwaka 1705, asema mwanachuoni Motoori Norinaga, watu 3,620,000 walifika Ise kwa siku hamsini. Mwaka 1830 walizidi milioni nne, katika nchi yenye watu kama milioni thelathini. Watumishi walitupa majembe na mifagio, wake waliacha vyungu motoni, watoto walitoroka, kila mmoja na kata mkononi ya kuombea chakula njiani. Aliyerudi na hirizi ya Ise hakupaswa kuadhibiwa na bwana wake. Kwa mtumwa wa kazi, hiyo ilikuwa ruhusa pekee asiyohitaji kuiomba. Hata mbwa walitumwa na mabwana wagonjwa, fedha zimefungwa shingoni, na watu wa njiani wakawalisha na kuwaelekeza.

Miaka miwili baada ya msongamano ule wa 1705, duka moja lilianza kuuza vitumbua vya mchele wa kunata vilivyofunikwa kwa maharagwe mekundu yaliyopondwa. Juu yake huchorwa mistari mitatu kwa vidole, mfano wa maji ya mto Isuzu. Duka hilo, Akafuku, lingali hapo. Mke atanunua sanduku moja la kuwapelekea jirani, na muuzaji atamwonya kwamba haviwekwi siku nyingi, kwani hukauka.