Askari wa Kariakoo

Anayepanda basi Buguruni kwenda Kariakoo anashukia mahali penye jina la kijeshi: palikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Mwingereza, Vita Kuu ya Kwanza.

Jijini humu alizaliwa Ally Kleist Sykes mwaka 1926. Baba yake, Kleist, alikuwa askari wa Mjerumani katika vita hiyo. Ally na kaka yake Abdulwahid wakavaa sare za KAR ya Mwingereza, wakafika Burma. Baba na wana walipigania bendera mbili, hakuna iliyokuwa yao.

Siasa nayo ilikuwa urithi wa nyumbani: Kleist alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929. Ally alikuwa mtumishi wa serikali pale serikali ilipowapiga watumishi wake marufuku siasa, mwaka 1953. Mwenye kutegemea mshahara angenyamaza. TANU ilipoundwa Julai 7, 1954, Nyerere alikuwa na kadi namba 1, Ally namba 2, Abdulwahid namba 3.

Ally alifariki Mei 2013, akiwa na miaka 86. Vitani alitii amri za wageni. Kadi ile aliichukua kwa hiari yake. Tukiwakumbuka askari wetu wa zamani, tusiishie kwenye bunduki.