Moshi wa Ubani na Saa Zilizopotea

Adam ni mji wa mwisho. Ukitoka Nizwa, Oman, kuelekea kusini, baada ya kilomita 60 hivi unaiona mitende yake na kuta za udongo za mitaa ya kale. Ukiuvuka, unabaki na jangwa hadi Haima, na mbali zaidi milima ya Dhofar inakoota miti ya ubani. Nimeujia mji huu kwa sababu ya dai moja linalorudi kila zinapotajwa ngoma za pepo: kwamba moshi wa ubani wa Oman humpotezea mtu hesabu ya saa, kama inavyompotezea hashishi au uyoga wa kulevya, na kwamba ubani huo ulipita Adam kwa ngamia, ukashuka bandarini, ukavuka bahari hadi Unguja. Dai hili linapendeza kusimuliwa. Lakini nani aliwahi kulipima?

Nilianza na njia yenyewe, nayo ilinikatikia mapema. Mwaka 2000 UNESCO iliiweka Nchi ya Ubani katika orodha ya urithi wa dunia, ikataja maeneo manne ya Dhofar: bonde la Wadi Dawkah lenye miti, Shisr iliyo jangwani, na bandari za kale za Khor Rori na Al Baleed. Mawili kati ya manne yako ufukweni. Ubani uliovuka bahari ulipakiwa pale pale karibu na miti yake na kufuata pepo za msimu. Haukuwa na haja ya kupanda kaskazini, kulivuka jangwa lote, kisha kushuka tena pwani. Misafara iliyotua Adam ilihudumia watu wa bara, wa Nizwa na jirani zake. Basi kama ubani wa Unguja haukupitia hapa, ni kipi kilichotoka Adam kikafika Unguja?

Ni ukoo. Hapa ndipo alipozaliwa Ahmad bin Said, aliyekuwa Imamu katika miaka ya 1740 na kuanzisha utawala wa Al Busaid. Mjukuu wake, Said bin Sultan, ndiye aliyehamishia makao yake Unguja. Binti wa Said, Sayyida Salme, alizaliwa Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866, na mwaka 1886 kumbukumbu zake zikachapishwa kwa Kijerumani. Kitukuu huyo wa mtu wa Adam ametuachia maelezo ya maandishi kuhusu wanawake wa Unguja waliopandwa na pepo. Chumba kina kiza. Mwele amevaa nguo zake nzuri, kichwa na uso vimefunikwa gubigubi, mwanga haupenyi. Chetezo kinaingizwa chini ya kitambaa, moshi unamwendea puani. Waliomzunguka wanaimba na kutikisa vichwa, na kinywaji kipo. Kiza, moshi, nyimbo, kinywaji: katika hayo manne, lipi lililokuwa likiihamisha saa?

Shahidi huyu namheshimu, lakini ushahidi wake lazima nao upimwe. Alichapisha miaka ishirini baada ya kuondoka, akiwa Ujerumani, akiwaandikia wasomaji ambao hawajawahi kuona chetezo. Ufukizo nao una utata. Unguja ya wakati ule ilifukiza ubani, udi na sandali, na ubani wenyewe ulitoka Dhofar na pwani ya Wasomali pia. Zaidi ya yote, yeye anaeleza mwili unavyotetemeka. Saa si jambo analolifuatilia. Sasa kama maandishi hayasemi, je, maabara inasema?

Maabara ilisema, na ndipo dai lilipopata nguvu mpya. Mwaka 2008 watafiti walichapisha matokeo kuhusu kemikali ya ubani iitwayo insensoli asetati. Panya walioipata walipungua hofu, na panya waliozaliwa bila kipokezi kiitwacho TRPV3 hawakubadilika, maana yake kemikali ile hufanya kazi ubongoni kupitia mlango huo. Habari zikaenea: ubani unalevya! Kabla ya hapo, katika miaka ya 1980, kulikuwa na dhana kwamba ubani ukiungua huzaa kilevi kile kile kilichomo kwenye bangi. Waliouchambua moshi baadaye hawakukiona. Ugunduzi wa 2008 ulikuwa na msingi imara zaidi. Hata hivyo, panya wale walidungwa kemikali iliyosafishwa; hawakukaa mbele ya chetezo. Tena kupungua hofu si kurefuka kwa saa. Na je, kemikali hiyo imo katika ubani wa Dhofar?

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko popote, kwa sababu jibu limo ndani ya mti. Miti ya ubani iko ya aina nyingi. Wenye insensoli asetati kwa wingi ni Boswellia papyrifera, unaoota Ethiopia, Eritrea na Sudan. Mti wa Dhofar ni Boswellia sacra, na utomvu wake una sifa nyingine kabisa: umejaa alfa-pinini, harufu ya msonobari na limau, na wanakemia huitumia tofauti hiyo kuutambua ubani wa huku na wa kule. Yaani watu wanauchukua utafiti wa kemikali ambayo ni alama ya mti wa Ethiopia, wanaubandika kwenye mti wa Oman, kisha wanauelezea moshi wa Unguja. Kama mti si wenyewe, wanaoufukiza kila siku wanasemaje?

Bibi aliyenipokea Adam alizaliwa Unguja. Familia yake ilirudi Oman baada ya mwaka 1970, kama nyingine nyingi, na Kiswahili chake hakijachuja. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi," akaitika, "Marahaba, mwanangu, karibu ndani." Alichagua punje ya ubani wa hojari, nyeupe yenye ukijani, kubwa kama ukucha wa kidole gumba, akaiweka juu ya kaa. Kwanza ilitoa jasho. Kisha ikayeyuka na kutoa uzi mweupe wa moshi wenye harufu ya limau, na mwishoni ikachemka, ikageuka nyeusi, moshi ukawa mzito na mchungu. Nilimuuliza kama moshi ule unalevya. "Ungekuwa unalevya, sisi sote tungekuwa walevi tangu utotoni," alisema. "Tunafukiza nguo, tunafukiza nyumba, mwengine twautia kwenye maji tukanywa." Nikamuuliza kuhusu aliyepandwa na pepo. "Huyo ni mambo mengine. Ukimuuliza kesho yake, hajui. Anakwambia isha bado, na watu washatawadha kwa alfajiri." Jibu hilo lilinizindua: je, aliyepandwa huyo anaeleza saa ile ile wanayoieleza waliokula hashishi?

Nikawarudia hao wa hashishi. Daktari Mfaransa Jacques-Joseph Moreau, aliyesafiri Misri na Mashariki katika miaka ya 1830, alichapisha mwaka 1845 kitabu kizima kuhusu kilevi hicho, naye alikijaribu mwenyewe. Alieleza alivyokatiza njia fupi jijini Paris ikamwia safari ya saa kadhaa isiyokwisha. Mwandishi Théophile Gautier, wa mji huo huo na zama hizo hizo, alikadiria kwamba hali yake ilidumu miaka 300 hivi. Alipozinduka, saa ilionyesha robo saa tu. Tia chumvi utakavyo, wote wawili walikumbuka. Muda wao ulijaa, ukafurika mambo hata dakika zikashindwa kuyabeba. Je, mwele wa Unguja aliwahi kudai miaka 300?

Sijapata hata mmoja. Katika ngoma za Unguja aliyepandwa huitwa kiti cha pepo, na yanayotendeka wakati pepo yuko kichwani huhesabiwa kuwa ya pepo, kiti hakikumbuki. Saa zake hazikurefuka, zilikatwa. Msomaji wa Qur'ani atawakumbuka Watu wa Pangoni katika Sura ya Al-Kahf: walikaa miaka 300 na kuzidisha 9, walipoamka wakadhani ni siku moja au sehemu ya siku. Ule ulikuwa usingizi na muujiza, siulinganishi na ngoma. Nasema tu kwamba wasomaji wetu wamezijua tangu zamani njia mbili za muda kuachana na mtu: robo saa inayokuwa karne, na karne zinazokuwa siku moja. Mbona basi tumezichanganya?

Kipo kipimo kinachoweza kuzitenganisha, ingawa hakikufanywa kwa ajili yetu. Mwaka 2007 watafiti wa Zurich waliwapa watu 12 wenye afya psilosibini, kilevi cha uyoga, kisha wakawapa kazi za muda. Wakitakiwa kurudia muda uliozidi sekunde mbili na nusu hivi, walikosea kuliko kawaida. Wakitakiwa kugonga kidole kufuata mlio, walishindwa pale milio ilipoachana kwa zaidi ya sekunde mbili. Na wakiachiwa wagonge kwa mwendo wanaoupenda, walipunguza kasi. Ni kishawishi kikubwa kusema: kiti cha pepo hakipotezi ngoma, basi hakikulewa. Lakini mapigo ya ngoma za kupunga huja haraka, chini ya sekunde moja, na humo hata aliyekula uyoga hakutatizika. Hoja hiyo naiacha, inanisaidia kupita kiasi. Nani basi alikuwa akizihesabu saa kutoka nje?

Oman ilikuwa na wahesabuji hodari. Maji ya falaji, mifereji ya kumwagilia mashamba, hugawanywa kwa athari, ambayo ni kama nusu saa, na athari 24 hufanya badda moja ya saa 12. Mchana walitazama kivuli cha mti uliosimikwa kwenye uwanja wenye alama za mawe. Usiku waliangalia nyota zikichomoza au kutua. Mtu akichelewa kufungua maji, mtende wa mwenzake ndio uliofaidi. Nilitumaini daftari za zamu zingetaja hata usiku mmoja wa ngoma ya pepo, zari au leiwa, uliomfanya mtu akose maji yake. Hazisemi. Daftari huandika hisa na zamu. Haziandiki kwa nini mtu hakufika. Na kule Unguja, katika ngoma ya kibuki, pepo hunywa brandi, usingizi hukosekana hadi usiku wa manane, watu husongamana chumbani. Nani atautenga moshi na hayo yote?

Hukumu yangu ni hii. Dai kwamba ubani wa Oman ndio kilevi kilichorefusha saa katika ngoma za pwani halisimami. Njia ya Adam haihitajiki ili ubani ufike Unguja. Kemikali inayotajwa ni alama ya mti mwingine. Na waliopandwa na pepo wanaeleza saa zilizopotea, si saa zilizorefuka. Kiza, nyimbo, uchovu na imani ya waliokizunguka kiti vina haki ya kuchunguzwa kabla ya chetezo.

Kinachokosekana ni ushahidi wa saa. Wewe uliye Adam, Sur, Ibra, Unguja au Mombasa, ukiwa na mzee aliyewahi kukaa katika ngoma hizo, muulize leo: ilianza baada ya adhana ipi, ikaisha kabla ya ipi, na kiti kilidhani ni saa ngapi. Andika tarehe, andika jina la ngoma, andika kilichofukizwa na kilichonywewa. Jina la mtu liache.