Mapenzi, Kisasi na Cheo: Habari za Sayyida Salme

Msomaji mpendwa, katika riwaya nyingi mashuhuri hukutana mambo matatu: mapenzi, kisasi na cheo. Usidhani kuwa hayo ni ya kubuni tu. Yalitokea katika nyumba ya Masultani wa Zanzibar, ambao utawala wao ulifika hata Malindi, mji ulio jirani na sisi wa Kakuyuni.

Salme alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Baba yake alikuwa Sayyid Said. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria, mjakazi wa Kicherkesi aliyetekwa utotoni. Hata hivyo Salme alikuwa binti mfalme kamili, kwa kuwa mtoto wa suria alifuata cheo cha baba. Kanuni hiyo ilijulikana pia katika mashamba ya Malindi: mjakazi akimzalia bwana wake, mtoto ni mwungwana, akimzalia mtumwa mwenzake, mtoto ni mtumwa.

Salme alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859 Barghash alipomwasi ndugu yake, Sultani Majid, Salme ndiye aliyewaandikia waasi barua zao. Uasi ukashindwa, Barghash akahamishiwa Bombay. Baadaye Salme alipatana na Majid, na Barghash akaliona jambo hilo kuwa usaliti.

Kisha Salme akampenda Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani, akachukua mimba. Sheria haikumruhusu mwanamke Mwislamu kuolewa na Mkristo. Mwaka 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden, na mwaka 1867 akabatizwa huko kwa jina la Emily, akaolewa. Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu mjini Hamburg, akamwachia watoto watatu wadogo. Alipokuja Unguja mwaka 1885 kudai urithi wake, Barghash, aliyekuwa sasa Sultani, alikataa hata kumwona.

Basi pima mwenyewe. Sayyid Said alipomchukua mwanamke wa mbali, asiye na ukoo wala mali, heshima yake haikupungua. Binti yake alipochagua mume wa mbali, alipoteza nyumba, mali na ndugu. Bahari ilikuwa ile ile, lakini mizani ilikuwa miwili.

Kalamu peke yake haikunyang'anywa. Mwaka 1886 Salme alichapisha kumbukumbu za maisha yake, na ndiyo sababu leo twaijua habari hii kwa kinywa chake, wala si kwa kinywa cha waliomkataa.