MSAADA WA SERIKALI KATIKA KUHIFADHI UDONGO: HABARI ZA MACHAKOS TANGU 1937



Katika mikutano yetu swali moja limeulizwa mara nyingi: mkulima ambaye shamba lake lachukuliwa na maji, atapata wapi msaada wa Serikali? Mimi karani wenu nimeona yafaa nijibu kwa historia, kwa kuwa nchi ya Machakos imekwisha kuonja msaada wa kulazimishwa na msaada wa kuombwa, na matunda ya kila mmoja yaonekana vilimani hata leo.

Katika miaka ya 1930 vilima hivyo vilikuwa vimechakaa. Ukame ulikausha majani, na mvua ilipokuja ilichimba makorongo badala ya kuotesha chakula. Mwaka 1937 Bwana Colin Maher, mtaalamu wa Serikali, aliandika taarifa juu ya hatari hiyo. Hatari ilikuwa ya kweli. Lakini dawa iliyoletwa mwaka 1938 ilikuwa kutwaa ng'ombe kwa nguvu na kuwauza kwa bei hafifu. Ng'ombe ndiye aliyekuwa akiba, mahari na heshima ya nyumba. Tena malisho mengi ya zamani yalikuwa mikononi mwa walowezi.

Ndipo mwezi wa Julai 1938 wanaume, wanawake na watoto walipokwenda Nairobi kumtafuta Gavana, wakakaa huko majuma kadhaa. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akahamishiwa Lamu. Walakini kabla ya mwaka kwisha Serikali iliacha kutwaa ng'ombe kwa nguvu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ilianza mpango wa miaka kumi tangu 1946, na fedha nyingi zikaletwa Machakos pamoja na makazi mapya ya Makueni. Hata hivyo kazi ya matuta ilikuwa ya lazima chini ya machifu. Matuta yale membamba yalichimbwa kwa manung'uniko, na mengi yakabomoka.

Katika miaka ya 1950 mambo yaligeuka. Kazi ilipopitishwa katika mwethya, yaani desturi ya Wakamba ya majirani kusaidiana kwa zamu, watu walichagua viongozi wao wenyewe, na wanawake wakawa ndio nguvu ya kazi. Matuta mapana yalienea, maana mkulima aliona maji yakibaki shambani mwake na mazao yakiongezeka. Mpango wa Bwana Swynnerton wa mwaka 1954 ulifungua njia pana zaidi ya mazao ya kuuza, kama kahawa.

Karibu na Uhuru wengi walilegea, kwa kuwa jembe la matuta lilikuwa limenuka ukoloni. Baadaye wakayarudia kwa hiari. Tangu 1974 Serikali ya Kenya, kwa msaada wa Uswidi, ilieneza mafunzo ya kuhifadhi udongo, na mwaka 1978 ukaanza mpango wa maendeleo wa Machakos uliosaidiwa na nchi za Ulaya. Watu wa wilaya waliongezeka kutoka kama 240,000 mwaka 1932 hadi kama 1,400,000 mwaka 1990, na juu ya hayo mmomonyoko ulipungua. Kumbe haikuwa wingi wa watu uliokula udongo.

Basi, wanachama, jibu ni hili. Tangu Katiba ya 2010 kazi za kilimo na za kuhifadhi udongo na maji mashambani zimo mikononi mwa Serikali za kaunti. Mlango wa kwanza ni kwa afisa wa kilimo wa wadi. Asiende mtu peke yake. Kiende kikundi chenye viongozi na daftari, kikaonyeshe korongo lenyewe na kazi ambayo kimekwisha kuianza. Tena Katiba hiyo yaamuru wananchi washirikishwe katika mashauri ya kaunti. Lile ambalo wazee wetu walilifuata Nairobi kwa miguu mwaka 1938, yaani kuulizwa kwanza, leo ni haki iliyoandikwa. Tusipohudhuria mikutano hiyo, tutakuwa tumeiacha haki hiyo ichukuliwe na maji kama udongo.

Ni mimi karani wenu mtiifu.