Samaki na Chipsi Safarini: Ulizeni Karai

Familia nyingi zikivuka kwenda Dar es Salaam huagiza samaki na chipsi, zikiona zimeepukana na shaka ya kichinjo. Ni kweli: samaki hachinjwi, na ni halali hata akivuliwa na asiyekuwa Muislamu. Tatizo ni karai. Mkahawa unaouza kitimoto ukikaangia humo humo, mafuta yamenajisika, na chipsi pia. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, chombo hicho huoshwa mara saba, moja yake kwa maji yaliyochanganywa udongo. Kupangusa kwa kitambaa hakutoshi. (Hoteli za watalii hapa kwetu nazo ziulizwe.) Muulizeni mpishi mwenyewe, kwani mhudumu mara nyingi hajui. Pasipouzwa nguruwe kabisa, asili ya mafuta ni tohara: kuleni, wala msichimbechimbe.