Kutoka Mlowo Kuteremka Momba: Kamera Wakati wa Baridi

Juni ikiingia, baridi ya wilaya ya Mbozi haina mzaha. Ukungu hutanda juu ya mashamba ya kahawa mpaka jua lipande, na wachumaji hutoka nyumbani wamejifunika makoti na vitenge. Malori yaendayo Tunduma yanakatiza mji wa Mlowo moja baada ya jingine. Mpiga picha wa mito na wanyama, yeye, huiacha hapa barabara kuu na kushika njia ya Kamsamba, inayoteremka hadi Mto Momba na bonde la Ziwa Rukwa.

Majira haya yana sababu yake. Kati ya Novemba na Aprili mvua huijaza mito tope, na wanyama hutawanyika kwa kuwa maji ya kunywa yapo kila mahali. Kiangazi kikikolea, madimbwi hupungua, viboko na mamba hubanana katika yale yaliyobaki, na gari hupita bila kunasa.

Mito ya upande huu iliingia kwanza kwenye ramani za wakoloni, picha zikaja baadaye. Mwaka 1881 tajiri wa Uskoti, James Stevenson, alitoa fedha za barabara ya kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na njia hiyo ikapita kusini kidogo ya ilipo Tunduma leo. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba uliofanya Mto Songwe kuwa mpaka. Iko Songwe miwili, na wageni huichanganya kila mara: huo wa mpakani, unaotutenga na Malawi, humwaga maji Ziwa Nyasa, mwingine huelekea kaskazini na kuishia Rukwa, ziwa lisilo na mto unaotoka.

Kamera ililetwa na watu kama Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani aliyezunguka nchi za Nyasa mwishoni mwa miaka ya 1890. Mwaka 1906 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu ardhi na watu wa huko, kikiwa na picha nyingi. Ndege kadhaa wa nyanda za juu wanaitwa kwa jina lake hadi leo. Huko Mbozi, mmisionari wa Moravian Traugott Bachmann alifungua kituo kati ya Wanyiha mwaka 1899, na picha za kituo hicho bado zimehifadhiwa. Vioo vya picha vya enzi hizo vilikuwa vizito na vyepesi kuvunjika. Wapagazi waliovibeba vichwani, wakivuka mito hiyohiyo iliyopigwa picha, hawakuandikwa majina. Hilo linauma, kwa sababu bila shingo zao picha hizo zisingekuwepo.

Barabara iliyobadilisha kila kitu ilikuja kwa dharura. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, na Zambia ikapoteza njia yake ya kusini ya mafuta. Malori yakaanza kubeba mapipa kutoka Dar es Salaam, yakipita Mbeya, Mlowo na Tunduma juu ya udongo mtupu. Mvua iliponyesha, njia iligeuka utelezi wa kuua, na madereva waliopoteza maisha walikuwa wengi mno hata ikaitwa njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, lami ikafuata, kisha reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 ikapita wilayani Mbozi.

Lami hiyo haikufika Mto Momba. Kwa miaka mingi, wakazi wa Kamsamba na wenzao wa ng'ambo, upande wa Rukwa, walivuka kwa hofu ya mamba na mafuriko, mpaka lilipofunguliwa daraja wakati wa urais wa John Magufuli. Daraja lilijengwa kwa ajili ya wagonjwa, mazao na wanafunzi, na mpiga picha anafaidi tu. Anaondoka Mlowo kwenye ubaridi wa nyanda za juu, na baada ya saa chache yuko bondeni, karibu mita 800 kutoka usawa wa bahari, akivua koti. Huko Rukwa kuna viboko, mamba, mwari, na sheshe, swala wa mabonde yenye maji ambaye ni wachache nchini wanaomjua. Mwenye siku za ziada husonga kaskazini hadi Hifadhi ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, ambako viboko wa Mto Katuma husongamana kwenye matope wakati wa kiangazi.